Masika na upepo wa kusi pwani ya kaskazini: Jinsi ya kuusoma utabiri

MWISHONI mwa mwezi Machi, joto likiwa limewachosha watu kuanzia Kilifi hadi Kiunga, upepo wa kaskazi huanza kulegea. Bendera iliyo juu ya mlingoti wa jahazi hulala, kisha hupepea huku na kule bila mwelekeo maalumu. Manahodha wa Lamu huuita wakati huo tanga mbili, kwa kuwa chombo chaweza kwenda kaskazini au kusini kwa wepesi ule ule. Majuma machache baadaye upepo hurejea kwa nguvu, lakini kutoka upande wa pili. Upepo wa kusi umeingia, na pamoja nao yaja masika.

Kwa Wakenya wengi, msimu wa Machi hadi Mei ni suala la mvua peke yake. Kwa mkazi wa pwani ya kaskazini ni suala la mvua na upepo kwa pamoja, na mara nyingi upepo ndio unaoamua nani atapata kitoweo na nani atalala njaa. Ndiyo maana ile taarifa fupi inayotangazwa redioni, kwamba mvua "itakuwa juu ya wastani" au "chini ya wastani", humwachia mvuvi wa Kizingitini na mkulima wa Mpeketoni maswali mengi kuliko majibu.

Makala haya yanaeleza jinsi msimu huo unavyokwenda katika eneo hili, na mambo ya kutafuta ndani ya utabiri kabla ya kununua mbegu au kung'oa nanga.

Mvua isiyofuata kalenda ya bara

Jua huvuka ikweta likielekea kaskazini karibu na Machi 20. Nyuma yake hufuata, kwa kuchelewa majuma kadhaa, ukanda wa makutano ya pepo. Huu ni mshipi unaoizunguka dunia ambapo pepo za nusu ya kaskazini na za nusu ya kusini hukutana, hewa ikapanda juu na kufanya mawingu. Ukanda huo unapopita juu ya Kenya kati ya Machi na Mei huleta masika. Unaporudi kati ya Oktoba na Desemba huleta vuli. Hayo hufunzwa shuleni.

Yasiyofunzwa sana ni kwamba pwani ina ratiba yake. Katika nyanda za juu mvua hufikia kilele mwezi Aprili na kupungua Mei inapokwisha. Pwani, mwezi wenye mvua nyingi zaidi kwa kawaida ni Mei, na manyunyu huendelea Juni hadi Julai, msimu ambao wazee wa pwani huuita mchoo. Sababu ni kwamba ukanda wa makutano ya pepo haufanyi kazi hiyo peke yake. Upepo wa kusi hupita juu ya bahari yenye joto, hubeba unyevu mwingi, kisha hugonga nchi kavu na kuutua. Hata ukanda wenyewe unapokuwa umekwisha kupita kuelekea Ethiopia, kusi bado huleta mawingu.

Saa za mvua nazo ni tofauti. Bara, mvua ya masika huja alasiri na jioni baada ya ardhi kupata joto. Pwani, sehemu kubwa hunyesha usiku na alfajiri, wakati umande, yaani upepo mwepesi utokao nchi kavu, unapokutana na kusi karibu na ufuo. Mgeni anayeamka saa tatu asubuhi hukuta jua na kudhani siku ilikuwa njema tangu mwanzo. Mvuvi aliyetoka saa kumi alfajiri ndiye anayejua kilichompata.

Kiasi cha mvua hupungua kadiri mtu anavyokwenda kaskazini. Malindi hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka au zaidi kidogo. Lamu hupata pungufu, na Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, ni kame zaidi. Mvua hupungua pia kwa haraka kuelekea bara: makumi machache ya kilomita kutoka ufuoni, mandhari ya minazi na mikorosho hugeuka kuwa vichaka vya miiba. Kwa sababu hiyo, utabiri unaosema "Kaunti ya Kilifi" au "Kaunti ya Tana River" unajumuisha maeneo mawili au matatu yasiyofanana hata kidogo. Mtu wa Ganze na mtu wa Watamu hawapaswi kuusoma kwa namna moja, ingawa kaunti yao ni moja.

Utabiri ni bahati nasibu yenye mizani

Kila msimu, wataalamu wa nchi za Upembe wa Afrika hukutana katika kongamano linaloandaliwa na ICPAC, kituo cha hali ya anga cha shirika la IGAD chenye makao yake Ngong, karibu na Nairobi. Makongamano hayo yalianza 1998. Baada ya hapo, Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga ya Kenya hutoa taarifa yake ya Machi hadi Mei na kuifafanua kwa kila kaunti.

Utabiri huo hugawa uwezekano katika mafungu matatu: mvua ya juu ya wastani, ya wastani, na ya chini ya wastani. Wastani wenyewe hupatikana kutokana na rekodi za miaka 30. Kama hakuna lolote linalojulikana kuhusu msimu ujao, kila fungu hupewa theluthi moja. Tuseme basi eneo lako limepewa asilimia 45 kwa mvua nyingi, 30 kwa mvua ya wastani na 25 kwa mvua haba. Vichwa vya habari vitasema mvua kubwa yaja. Lakini kwa mujibu wa hesabu hizo hizo, katika misimu minne ya namna hiyo, mmoja utakuwa wa ukavu. Mkulima aliyeuza mahindi yote ya ghalani kwa kuamini kichwa cha habari hakudanganywa na wataalamu. Alisoma fungu moja akaacha mawili.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi vya kutosha. Masika ni msimu mgumu kutabiri kuliko vuli. Mvua ya vuli hufuata kwa ukaribu mambo mawili yanayobadilika polepole na kuonekana mapema, nayo ni El Nino katika Bahari ya Pasifiki na tofauti ya joto kati ya upande wa magharibi na wa mashariki wa Bahari ya Hindi. Mafuriko ya mwishoni mwa 1997, 2019 na 2023 yalikuja kwa njia hiyo. Masika haina bwana mmoja wa namna hiyo. Huathiriwa sana na wimbi la mawingu na mvua linaloizunguka dunia kando ya ikweta kwa muda wa siku 30 hadi 60, na wimbi hilo huonekana majuma mawili au matatu tu kabla ya kufika.

Vimbunga vya mbali pia huingilia. Machi 2019, Kimbunga Idai kilipopiga Beira nchini Msumbiji, unyevu ulivutwa kusini na masika ya Kenya ikachelewa. Wengi waliokuwa wamepanda mapema walipoteza mbegu. Ilhali kimbunga kikiwa mashariki ya Madagascar, huweza kuvuta hewa yenye unyevu kutoka upande wa Congo na kuongeza mvua nchini. Hakuna mtu awezaye kujua mwezi Februari kimbunga cha Aprili kitakaa upande gani wa kisiwa hicho.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, msomaji wa pwani autumie utabiri wa msimu kujipangia mambo makubwa, kama vile aina ya mbegu na kiasi cha akiba, lakini siku ya kupanda na siku ya kusafiri aichague kwa utabiri wa wiki na wa siku tano. Huo wa muda mfupi huwa na uhakika mkubwa zaidi, tena hutolewa bure, na kila kaunti ina ofisi ya idara hiyo inayoweza kuulizwa.

Bahari inapofungwa

Upepo wa kusi huanza kwa upole mwezi Aprili, hupata nguvu Mei, na kuwa mkali zaidi kati ya Juni na Agosti. Ni sehemu ya mto mkubwa wa upepo unaopita kaskazini mwa Madagascar, ukavuka nyika za mashariki mwa Kenya katika kimo cha kilomita moja hivi au zaidi, ukajipinda juu ya Somalia na kuvuka bahari hadi India. Mtaalamu Mwingereza John Findlater ndiye aliyeueleza kwa kina katika miaka ya 1960, na wanasayansi wameuita kwa jina lake. Upepo unaorarua tanga la mvuvi wa Kiwayu mwezi Juni ndio huo huo unaopeleka mvua Kerala.

Katika pwani ya Mombasa upepo huo hutoka kusini-mashariki. Ukifika Lamu huwa umeanza kujipinda na kutoka kusini moja kwa moja, na mbele zaidi, Somalia, hutoka kusini-magharibi. Maana yake kwa msafiri ni nyepesi kuielewa: kutoka Lamu kwenda Faza au Kiunga, upepo uko mgongoni, kurudi, uko usoni. Safari ya kwenda huwadanganya wengi.

Mkondo wa maji nao hubadilika. Wakati wa kaskazi, mkondo utokao Tanzania kuelekea kaskazini hukutana na ule utokao Somalia kuelekea kusini, na yote miwili hugeukia bahari kuu mbele ya Lamu na Malindi. Wakati wa kusi hakuna kizuizi; maji yote hukimbilia kaskazini. Mashua ikizimika injini nje ya miamba mwezi Juni, upepo na maji huisukuma pamoja kuelekea Somalia.

Idara ya Utabiri hutoa tahadhari upepo unapotarajiwa kupita kasi ya noti 25, ambayo ni karibu kilomita 46 kwa saa, na mara nyingi tahadhari hiyo huambatana na onyo la mawimbi ya zaidi ya mita mbili. Kwa meli inayoelekea bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 ndani ya ghuba ya Manda iliyokingwa na visiwa, hiyo si habari kubwa. Kwa dau la mbao ni mauti.

Hatari kubwa zaidi haiko katikati ya bahari bali katika milango, yaani nafasi kati ya visiwa ambapo bahari kuu huingia. Mlango wa Shela ni mfano mzuri. Maji yanapotoka, mkondo huelekea bahari kuu, huku kusi ikisukuma mawimbi kuingia ndani. Viwili hivyo vikikutana, mawimbi husimama wima kama kuta, mafupi na yenye kufuatana kwa karibu, yasiyompa nahodha nafasi ya kupumua. Saa sita baadaye, maji yakiwa yanaingia na upepo ukiwa na kasi ile ile, mahali hapo hapo huweza kupitika bila taabu.

Bamvua huzidisha mambo. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, kupwa na kujaa huwa kwa kiwango kikubwa, tofauti ikipita mita tatu, na maji hutoka kwa kasi zaidi. Tahadhari ya upepo wa noti 25 iliyotolewa siku ya maji mafu si sawa na tahadhari hiyo hiyo iliyotolewa siku ya bamvua. Taarifa rasmi kwa kawaida hazijumlishi mambo hayo mawili katika sentensi moja. Ni juu ya msafiri kushika jedwali la maji kwa mkono mmoja na tahadhari kwa mwingine. Manahodha wazoefu hufanya hivyo kichwani bila karatasi. Tatizo ni vijana wa mashua za injini, ambao nguvu za farasi 40 zimewafanya wasahau hesabu hiyo.

Athari zake hazimhusu mvuvi peke yake. Katika miezi ya kusi, wavuvi wa Kizingitini, Faza na Kiwayu wenye vyombo vidogo hawawezi kuvuka miamba. Hubaki ndani ya mikono ya bahari na kando ya mikoko, ambako samaki ni wadogo na wavuvi ni wengi. Kambamawe, wanaoleta fedha nyingi wakati wa kaskazi, hawafikiki. Madeni ya dukani hupanda kuanzia Mei na kulipwa, Mungu akijalia, kuanzia Oktoba.

Mgonjwa mahututi aliyeko Kiunga naye yuko katika hesabu hiyo. Barabara ya kutoka huko imekuwa na matatizo ya usalama kwa miaka mingi, na safari ya mashua hadi mjini Lamu huchukua saa kadhaa, upepo ukiwa usoni njia nzima. Familia yenye mja mzito anayetarajia kujifungua Juni au Julai hufanya vyema kumhamishia karibu na hospitali mapema, bahari ikiwa bado na adabu, badala ya kungoja uchungu uanze.

Je, kimbunga chaweza kufika?

Swali hili limeulizwa sana tangu 2024. Jibu la vitabu ni kwamba vimbunga havistawi karibu na ikweta, kwa sababu mzunguko wa dunia, ambao ndio unaoupa upepo nguvu ya kujiviringisha, huwa dhaifu mno katika eneo la nyuzi tano kila upande. Malindi iko nyuzi tatu na ushei kusini mwa ikweta, na Lamu nyuzi mbili na ushei.

Hata hivyo, historia ya ukanda huu inataka mtu asilale usingizi mzito. Aprili 1872, kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangamiza mikarafuu na kuzamisha vyombo vya Sultani Barghash. Aprili 1952, kingine kilipiga Lindi, kusini mwa Tanganyika. Mei 4, 2024, Kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, na majuma mawili na ushei baadaye Kimbunga Ialy kilisogea kaskazini hadi mkabala wa pwani ya Kenya kikiwa kinafifia, huku upepo mkali ukitikisa Kilifi na Lamu. Vyote vinne vilitokea Aprili au Mei. Ialy inafaa kukumbukwa zaidi na watu wa kaskazini, kwani ilionyesha kwamba dhoruba haihitaji kuzaliwa mlangoni pako ili iezue makuti yako.

Mkulima na mvua ya uongo

Tukirudi nchi kavu, adui wa kwanza wa mkulima wa Kilifi na Lamu ni mvua ya uongo. Mwishoni mwa Machi hunyesha siku mbili au tatu, udongo ukanukia, watu wakapanda. Kisha jua hurudi kwa majuma mawili na miche hukauka. Hapo jumla ya mvua ya msimu haisaidii kitu. Msimu waweza kumalizika ukiwa "juu ya wastani" kwa sababu ya wiki moja ya gharika mwezi Mei, ilhali mahindi yalikufa Aprili.

Wataalamu wengi wa ukanda huu huhesabu kwamba mvua imeanza kweli inapofika angalau milimita 20 ndani ya siku tatu, mradi majuma matatu yanayofuata yasiwe na siku saba mfululizo za ukavu. Sehemu ya kwanza mkulima anaweza kuipima mwenyewe kwa kopo lililonyooka kingo na rula. Sehemu ya pili haipimiki. Ndipo utabiri wa wiki unapohitajika.

Mbegu zinazokomaa haraka zilizotengenezwa kwa ajili ya eneo hili, kama vile mahindi ya Pwani Hybrid, humpa mkulima nafasi ya kungoja kidogo. Mwenye pamba au simsim kule Mpeketoni ana hofu ya upande mwingine pia: manyunyu ya mchoo yakizidi Julai na kuendelea, pamba huchafuka na simsim huoza kabla ya kukauka. Kwa huyo, tarehe ya mvua kwisha ni muhimu sawa na tarehe ya kuanza, nayo hupatikana katika jedwali ambalo wengi hawafiki kulisoma, lile linaloonyesha mwanzo, mtawanyiko na mwisho wa mvua. Ukiwa na muda wa kusoma ukurasa mmoja tu wa utabiri, soma huo.

Mafuriko yanayotoka mbali

Kuna mvua inayowaua watu wa pwani ya kaskazini bila kunyesha pwani. Mto Tana huanzia milima ya Kenya na Nyandarua, hupita katika mabwawa ya umeme yakiongozwa na Masinga, ukashuka Garissa, Hola na Garsen hadi baharini Kipini. Mvua kubwa ikinyesha Murang'a au Nyeri na Masinga likifurika, maji huchukua siku kadhaa kufika kwenye delta. Anga ya Garsen yaweza kuwa samawati tupu huku mto ukipanda.

Kwa sababu hiyo, Mpokomo mwenye shamba la mpunga au migomba kando ya mto, na mfugaji Muorma aliyeteremsha ng'ombe deltani, wanapaswa kufuatilia habari mbili zisizohusu eneo lao: utabiri wa nyanda za juu za kati, na tangazo kuhusu kiwango cha maji ya Masinga, ambalo hujaa likifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Tangazo kwamba bwawa limejaa lina uzito kuliko wingu lolote.

Masika ya 2018 ilionyesha hayo, na ile ya 2024 ikayarudia kwa ukali, ambapo zaidi ya watu 250 walikufa kote nchini kutokana na mafuriko. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, mashua iliyokuwa ikivusha watu katika maji ya mafuriko kati ya Madogo na mji wa Garissa ilizama na kuua abiria kadhaa. Mtu aliyezoea kuvuka mto huo kwa mtumbwi miaka yote hawezi kuusoma ukiwa umetoka kwenye kingo zake. Maji yanayofunika barabara yana mkondo kama wa mto wenyewe.

Barabara ya Garsen kwenda Lamu, ingawa imewekewa lami, hupita katika nyanda hizo hizo. Novemba 2023 ilikatwa na mafuriko karibu na Gamba. Wafanyabiashara wa Lamu wanajua maana yake: kusi ikiwa imefunga bahari na Tana ikiwa imefunga barabara, unga, dawa na mafuta ya taa havina pa kupitia. Mwenye duka huko akiweka akiba kabla ya nusu ya Aprili hatakuwa amekosea, hata mwaka ambao mvua haikuja.

Mvua isipokuja

Mwaka wa namna hiyo si wa kudhania. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa haba katika sehemu kubwa ya Upembe wa Afrika. Katika visiwa vya Lamu Mashariki, ukame una uso wa pekee, kwa kuwa visima vingi hutoa maji ya chumvi na watu hutegemea jabia.

Jabia ni sakafu pana iliyojengwa kwa mteremko ili kukusanya maji ya mvua na kuyapeleka ndani ya birika. Hesabu yake ni rahisi, na yafaa kila kamati ya kijiji iijue: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Sakafu ya mita kumi kwa kumi ikipata mvua ya milimita 20 hukusanya lita 2,000, yaani mitungi mia moja ya lita 20, kabla ya kutoa kinachopotea. Mvua ya kwanza ya masika huosha vumbi na vinyesi vya ndege, na haifai kuingizwa ndani. Lakini sakafu iliyofagiwa mwezi Machi huokoa hata hiyo ya pili, ambayo mara nyingi hupotea kwa sababu watu walikuwa wakingoja kuona kama masika ni ya kweli. Utabiri wa mvua haba ni sababu ya kufagia mapema zaidi, si ya kukata tamaa.

Mji wa Lamu wenyewe hunywa maji ya visima vilivyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga huo hunyonya mvua ya masika na kuihifadhi, maji matamu yakielea juu ya yale ya chumvi. Masika mbili zikikosekana na visima vikaendelea kuvutwa vile vile, chumvi hupanda.

Ukavu huleta pia maradhi ambayo watu huyahusisha na mvua. Mwaka 2004, baada ya kipindi cha ukame na joto, homa ya chikungunya ililipuka Lamu. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu wapatao 13,500, karibu robo tatu ya wakazi, waliambukizwa. Wataalamu walilihusisha jambo hilo na maji yaliyohifadhiwa majumbani kwa sababu ya uhaba: mbu walizaliana ndani ya mitungi na mapipa yasiyofunikwa. Mwaka wa mvua haba, kifuniko cha pipa ni dawa.

Hesabu ya wazee

Kabla ya kuwapo idara yoyote, watu wa pwani walikuwa na mwaka wao wa jua wenye siku 365, unaoanza siku ya Nairuzi na kugawanywa katika miongo ya siku kumi kumi. Kila mwongo ulikuwa na kazi yake: wa kufyeka, wa kupanda, wa kutotoka baharini. Majahazi ya Ghuba yalikuja na kaskazi na kuondoka na mwanzo wa kusi, na aliyechelewa alisubiri hadi makali yapungue.

Hesabu hiyo haikukosea kuhusu pepo, na bado haikosei sana. Upepo hufuata jua, na jua halichelewi. Kwenye mvua ndiko inakopwaya, hasa katika miaka hii ambapo bahari ina joto zaidi kuliko ile waliyoijua mababu. Wapo wazee wanaolijua hilo na husema wazi kwamba mwongo huwaambia lini wauangalie upepo, nao upepo ndio huwaambia lini watoke.

Mwezi Agosti unapokwisha, kusi hupoteza makali yake na msimu wa demani huingia. Maji nje ya miamba hubadilika rangi kutoka kijivu kuwa samawati, mashua za Kizingitini huanza kuvuka tena, kwanza siku za maji mafu, kisha siku zote. Wakati huo huo ICPAC na Idara ya Utabiri hutoa taarifa nyingine, ya vuli, na hiyo, kwa sababu zilizoelezwa hapo juu, mtu anaweza kuiegemea kwa uzito zaidi kidogo.